Zamu ya Ijumaa

Ipo Alhamisi moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku niliyoteremka uwanja wa ndege wa Doha, Qatar. Nilikuwa kijana kutoka Tanga, nimepandishwa kuwa msimamizi wa walinzi, na juu ya hayo nilikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana, Watanzania na Wakenya pamoja. Nilitembea mitaa ya Al Mansoura nikidhani hata paka wa mtaa wananipigia saluti.

Kesho yake chama kilikuwa na uchaguzi, nami nilijua sipiti. Walinzi wengi walimtaka mtu mwingine, na haki yao, maana nilikuwa siulizi mtu neno. Basi nikafanya hila anayoiweza msimamizi tu. Ijumaa ni siku yetu ya mapumziko, lakini mageti hayapumziki, na mpanga zamu ni mimi. Wote walionipinga nikawapangia lindo mji wa Al Wakrah, mbali na ukumbi wa kura. Walipolalamika nikawajibu kazi ni kazi.

Jioni akanijia Mwalimu Nekesa, msimamizi wetu wa kura. Alifundisha historia kwao Bungoma kabla ya kuja kutunza wazee kwenye nyumba moja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Hakupandisha sauti.

“Chairman, kaa nikuambie story. Huko Uingereza, miaka ya elfu moja mia sita, kulikuwa na ofisa mmoja wa jeshi. Alianza chini kabisa, wengine husema aliokotwa akiwa mtoto mchanga, akapanda mpaka akawa kanali. Jeshi likakosana na bunge juu ya mfalme. Asubuhi moja akasimama na askari mlangoni pa bunge, wabunge wasiotakiwa na jeshi akawazuia. Waliobaki wakaamua mfalme ashtakiwe, na mfalme akakatwa kichwa.”

“Halafu?”

“Halafu naye akawa mbunge, akapewa heshima, akafa. Mtoto wa yule mfalme aliporudi kutawala, bunge likaamuru mwili wa yule kanali ufukuliwe, utundikwe. Sasa wewe huna bunduki, una zamu. Lakini umesimama mlangoni vilevile.”

Nilimwambia mambo ya Wazungu hayanihusu. Akanyanyuka, akachukua mkoba wake. “Sawa tu. Lakini hiki ni chama cha kuzikana, na siku yako ya matanga utataka hao hao waje.”

Usiku ule nikafungua daftari la zamu, maneno yake yakinirudia. Cheo ni dhamana, wahenga walisema, nami nilikigeuza fimbo. Mkuki kwa nguruwe. Ningepangiwa mimi zamu ile, ningelia mpaka kempu nzima tunamolala wafanyakazi isikie. Nikazirudisha zamu kama kawaida. Lindo moja likakosa mtu, nikalivaa mwenyewe.

Ijumaa ikanikuta getini Al Wakrah, jua linachoma mpaka kwenye nyayo. Simu ikalia. “Umeanguka, chairman,” alisema Mwalimu, “na si kwa kidogo.” Niliumia, sikufichi. Nilijiona mjinga niliyewafungulia mlango watu wa kuniangusha.

Alasiri wakaja wale wale niliotaka kuwazuia, wamebeba pilau na maji baridi, bado wanabishana juu ya kura. Mwenyekiti mpya akanivua kofia ya kazi, akaivaa yeye, akasimama juani. “Kaa kivulini ule, kaka,” aliniambia. “Geti tutakushikia.”

Nilikula machozi yakinitoka, nikasingizia pilipili.

Mwanangu, siku utakapopewa cheo, kiwe kikubwa au cha kempu tu, utapewa pamoja nacho njia ya kuwafungia nje wasiokutaka. Itakuwa njia safi, yenye sababu nzuri, na hakuna atakayekushtaki. Usiifuate. Anayekupinga mpishe aingie, aseme, apige kura yake, hata kama kura hiyo ndiyo itakayokuangusha. Kuanguka mbele ya watu wako si aibu, maana wapo wa kukuinua.

Mola akujalie cheo unachokimudu, akupe wa kukukanya mapema, na popote ugenini usikose wa kukushikia geti. Amina.