Mwalimu Alisema Niiamshe Gari Yake, Nikaiua

Msinitafutie sababu, sina. Mkimaliza kusoma mnitukane vile mnataka, mimi nimeshajitukana hadi nimechoka. Nilimharibia mzee wa watu gari, na hiyo hata si kubwa. Kubwa ni uongo niliosema baadaye, nikiwa nimesimama mbele yake mchana kweupe.

Mimi ni fundi wa magari hapa Ruiru. Gereji yangu ni ndogo lakini vijana wa magari wananijua, kwa sababu mimi ni mtu wa turbo, kile kifaa cha kuipa injini pumzi zaidi. Kwa lugha yetu, gari ikiongezwa nguvu tunasema imeamka. Ukisikia mtu anasema "Gari ya fulani imeamka vibaya sana," jua hiyo ikikupita utaisikia kwa kifua.

Mwaka jana akaja mzee mmoja kutoka Thika, mwalimu aliyestaafu. Gari yake ilikuwa inavutwa na pikapu kwa kamba. Ngai! Hiyo gari! Kagari ka spoti ka milango miwili, ka zile siku za zamani, kamekaa chini chini, rangi ya maziwa imeanza kugeuka manjano. Alikanunua akiwa kijana, mwaka aliooa. Kalikuwa kamelala kwa banda miaka na miaka, injini imeshika, haizunguki.

"Kijana wangu," akaniambia, "nataka uniamshie hii gari. Iamke vile ilikuwa."

Nikamwuliza mbona sasa, baada ya miaka yote hiyo. Hapo ndipo aliniambia habari ya mke wake. Mama alikuwa ameanza kusahau. Kwanza majina ya majirani, halafu ya wajukuu, sasa kuna siku anamwangalia Mwalimu akinywa chai na kumwuliza ametoka wapi na anataka nini. Lakini zamani, Mwalimu akitoka shule, mama alikuwa anasikia hiyo gari ikiwa bado iko kwa daraja, na Mwalimu akifika anakuta geti iko wazi, mama amesimama hapo na leso yake.

"Hiyo sauti anaijua," akasema. "Nataka tu anijue tena. Hata kama ni siku moja."

Mnaona? Aliniambia kila kitu. Hakuacha neno.

Nikafungua hiyo injini. Haikuwa imekufa. Ringi zilikuwa zimeshikana na kutu, kabureta zake mbili zimejaa uchafu. Ilikuwa kazi ya subira, kuloweka na kusugua na kungoja, lakini ningeweza. Naapa ningeweza.

Sasa shetani akanionyesha ile injini nyingine iliyokuwa imekaa kwa kona ya gereji. Ya kisasa, ya turbo, ilitoka kwa gari iliyogongwa nyuma. Nikaangalia hiyo injini, nikaangalia kale kagari. Nikaona video yake mtandaoni! Nikaona vijana wa kutoka hapa hadi Nairobi wakiuliza ni fundi gani amefanya hiyo maneno. Nikajiambia, si mzee amesema iamke? Basi itaamka!

Nilijua hakumaanisha hivyo. Msiniulize kama nilichanganyikiwa.

Injini ya turbo haingeingia, nafasi ilikuwa ndogo. Nikachukua grainda nikakata chuma cha mbele, nikagonga sakafu yake na nyundo ndio giaboksi ikae, nikachomelea hapa na pale. Wiki tano. Ile injini ya zamani nikawapatia watu wa skrapu, wale wa vyuma chakavu, walipopita. Hata sikuwaangalia wakiipakia.

Mwalimu alikuwa akipiga simu kila Jumatatu. "Fundi, inaendelea?" Namwambia inaendelea, Mwalimu, wewe tulia, hii utaipenda. Anacheka. "Mungu akubariki, kijana wangu." Na mimi naitikia amina, hata aibu sina!

Siku ya kupeleka nikaiendesha mwenyewe hadi Thika. Watu kwa supahaiwei walikuwa wanageuza shingo. Nilijisikia mkubwa sana. Nilipofika karibu na nyumbani kwa Mwalimu, kale kadaraja kanakopita juu ya mto, nikakanyaga mafuta. Turbo ikapiga filimbi, bomba la moshi likalipuka paa paa paa!

Mwalimu alikuwa amesimama kwa geti na binti yake Wangari, ambaye alikuwa amekuja kutoka mtaa wa Kahawa Sukari akiwa amebeba keki, ati tusherehekee. Mama alikuwa amekaa nje ya mlango akichambua minji, zile njegere, kwa beseni.

Sauti ilipoingia kwa boma, mama akaruka. Beseni ikaanguka, minji zikatawanyika kila mahali. Akakimbia ndani, yeye ambaye hutembea akishikilia ukuta, akafunga mlango na komeo. Tukamsikia analia kwa dirisha.

"Baba Wangari! Baba Wangari uko wapi? Watu wamekuja!"

"Ni mimi, mama. Niko hapa," Mwalimu akamwambia. Alikuwa ameshika vyuma vya dirisha na mikono miwili.

"Wewe sikujui! Gari ya bwana yangu naijua. Hiyo si yake. Toka kwangu!"

Mwalimu akaachilia vile vyuma. Akageuka akaniambia kwa sauti ya chini, "Tafadhali izime." Nilikuwa nimesahau kuizima.

Wangari akafungua boneti akaangalia. Yeye si fundi, lakini hata mtoto angeona. "Fundi, injini ya baba iko wapi?"

Ningesema hapo. Ilikuwa ni kusema tu, nimekosa, nisameheni. Lakini aliniangalia na macho ya hasira, na mimi nikaogopa. Nikasema, "Mzee ndiye aliagiza. Alisema turbo."

"Baba alisema turbo?"

"Alisema. Hata nilimwuliza mara mbili."

Mwalimu akanikazia macho. Nilidhani ataniita mwongo, na ningestahili. Lakini uso wake ukabadilika polepole, nikaona anajitafuta kwa kichwa chake mwenyewe. Mtu anayeishi na mke anayesahau, si lazima awe anaogopa siku yake pia itafika?

"Nilisema hivyo?" akaniuliza.

"Ulisema, Mwalimu."

"Basi nisamehe, kijana wangu. Nimekusumbua bure."

Na mimi nikamsamehe! Nikamwambia hakuna shida, mzee. Woi! Nikala na keki yao.

Tangu siku hiyo Wangari akaamini baba yake pia ameanza kupotea. Akamnyang'anya funguo za gari na za nyumba. Akaweka msichana wa kazi na kumwambia mzee asitoke kwa geti peke yake, hata kununua gazeti. Mwalimu hakubishana. Alinunuliwa daftari, zile za shule, akawa anaandika kila kitu anachosema na kila kitu anachoambiwa, ndio asibishane na watu. Nilijua haya yote kwa sababu Wangari alinipigia kunishukuru. Ndiyo, kunishukuru! Ati bila mimi hawangejua mapema.

Nilikosa kulala, nikakosa kula. Nikaenda kutafuta ile injini kwa watu wa skrapu. Ilikuwa imepasuliwa na nyundo kitambo, vipande vimeenda. Na hata ningepata nyingine, ningeifunga wapi? Kile chuma cha kuishikilia nilikikata mimi mwenyewe.

Mwezi uliopita nikajikaza. Nikampigia Wangari nikamwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Kesho uje Thika useme hivyo mbele yake." Akakata.

Nikaenda. Mwalimu alikuwa sebuleni, mama amelala kwa kiti kando yake. Nikapiga magoti, mimi mtu mzima. Nikamwambia, "Mwalimu, hukusahau. Hukusema turbo hata siku moja. Uliniambia iamke vile ilikuwa, na ukaniambia ni ya mama. Mimi ndiye nilidanganya."

Wangari akaweka funguo mezani, alikuwa analia. "Baba, chukua. Ni mimi nilikosea."

Mwalimu akatuangalia sisi wawili. Akatabasamu, ile tabasamu ya kumtuliza mtoto aliyeanguka. Akasukuma funguo zikarudi kwa Wangari.

"Ninyi ni watoto wazuri," akasema. "Mmekaa mkapanga, mkaona mnitoe aibu. Asanteni. Lakini mimi mambo yangu nayajua."

Nikamwapia. Nikamwapia kwa jina la mama yangu. Alikuwa anatikisa kichwa tu, polepole. Halafu akachukua daftari lake, akavaa miwani, akaandika na ule mwandiko wake mzuri wa ubao. Akanipatia.

"Soma, fundi. Hapo nimeandika sawa ama nimeanza kuchanganya?"

Alikuwa ameandika: Leo fundi wa Ruiru amekuja. Amesema uongo kwa ajili yangu, ili nisijisikie vibaya. Ni kijana mzuri.

Nyinyi mafundi wenzangu, na hata wewe usiye fundi. Mtu akikuletea kitu chake, fanya kile ameomba. Ukiharibu, sema umeharibu hapo hapo, kabla ya kugeuka, kabla ya kumeza mate. Usimwachie mwenyewe alale na makosa yako. Mimi nilingoja, na sasa huyo mzee hataniamini tena nikisema ukweli. Wangari ananiangalia kila nikienda, na mimi naenda kila Jumamosi. Namwambia Mwalimu tena, naye anaandika tena.