Telekomande ya Msemaji

Ukiuliza pale Nyalukemba, Bukavu, ni nani alikuwa bingwa wa kusema kwenye dote, watakutajia Télesphore kabla hujamaliza swali. Dote, kwa wasioijua, ni siku ambayo ukoo wa kijana unakuja kuomba binti, na siku hiyo baba wa binti hafungui kinywa. Msemaji ndiye anayesema. Familia mbili zinakaa zikitazamana, madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi, yako katikati, na wasemaji wawili wanavutana kwa maneno mpaka ng'ombe wakubaliwe. Msemaji hashiki karatasi. Anatakiwa awe na mababu wa pande zote mbili kichwani, hadi kizazi cha saba, na akinyamaza mno upande wa pili una haki ya kumnyang'anya neno. Akishanyang'anywa, kazi yake imekwisha, akae chini anywe pombe na wengine.

Siku tano za juma Télesphore alifundisha darasa la sita. Jumamosi alikuwa mfalme. Mke wake Eulalie alimpendea mdomo, tuseme ukweli, maana sura yake haikuwa na la kusifiwa. Zamani hizo alikuja kwa kina Eulalie kumsemea binamu yake aliyetaka dada mkubwa, na alipoondoka tayari alikuwa amempanga mdogo mtu awe wake. Walizaa binti mmoja, Agathe, akaolewa Goma.

Kisha akaanguka. Hakuna aliyekuwa amekufa, hakuna aliyekuwa amemwibia. Na hilo ndilo lililowachosha watu, kwamba hapakuwa na sababu ya kushika mkononi. Mwaka mzima alilala ameelekea ukuta. Madaktari walisema ni sonona, wakampa dawa ya kwanza, ya pili, ya tano. Padri alimwekea mikono. Majirani walinong'ona kwamba amerogwa kwa wivu wa mdomo wake, na wengine kati ya hao walikuwa wamekula nyama kwenye dote alizozisemea. Mara mbili alijaribu kujiua. Mara ya pili Eulalie mwenyewe ndiye aliyemkuta, na kuanzia siku hiyo alikuwa akioga na mlango wa bafu wazi, apate kumsikia.

Aliyepata njia ni Colombe, dada yake Télesphore, muuguzi huko Ubelgiji. Hospitali moja kule ilikuwa ikifanya utafiti kwa watu ambao dawa zote zimewashindwa. Wanatoboa fuvu, wanapitisha nyaya mbili nyembamba hadi ndani kabisa ya ubongo, na betri wanaizika chini ya ngozi ya kifua ili ipeleke umeme kidogo usiku na mchana. Eulalie aliposikia alidhani wifi yake naye ameanza kuugua. Lakini mume alikuwa ameacha kula, na mwenye mgonjwa wa namna hiyo hachagui sana.

Ikafanya kazi. Haikuwa siku moja wala mwezi mmoja, lakini alirudi Bukavu na makovu mawili kichwani, akaketi mezani, akaomba chai ya maziwa na kuuliza kama jirani amekwisha kujenga ukuta wake. Eulalie aliingia jikoni akalia. Alimshukuru Mungu kwanza, kisha Wabelgiji.

Ila maneno. Katikati ya sentensi Télesphore alikuwa akisimama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Alisema "kile kitu" na "yule mtu" kwa vitu vya kila siku na kwa watu aliokula nao miaka arobaini. Colombe aliwauliza madaktari, nao wakampima upya aliporudi Ubelgiji kukaguliwa: taja wanyama wote unaowajua kwa dakika moja, rudia maneno haya, unganisha namba hizi. Wakasema akili yake iko vizuri kuliko kabla ya upasuaji, kwa sababu sonona yenyewe huifunga akili. Kwamba wengi hawapotezi kitu, wachache maneno huwachelewa, na kwake ni kidogo sana. Labda ni kweli. Lakini walimpima kwa Kifaransa, kwenye chumba chenye utulivu. Hakuna aliyemwambia ataje kwa Kimashi, lugha ya kwao, mababu saba wa ukoo usio wake, mbele ya wazee wenye pombe kichwani wanaomvizia anyamaze.

Alijaribu mara moja, kwenye dote huko Bagira. Alitaja babu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne hakuja. Upande wa pili ukachukua neno, watu wakacheka, na Télesphore akatabasamu pamoja nao, akakaa, akala. Njiani kurudi alisema nyama ilikuwa laini. Hapo ndipo Eulalie alipoumia. Aibu angeivumilia, kilichomuuma ni kwamba mume wake hakuona aibu yoyote, na akajiuliza ni nani hasa huyu anayetembea naye.

Basi ikafika zamu ya Chancelle, binti wa Didier, kaka mkubwa wa Télesphore. Wakwe walikuwa watu wa Kabare na msemaji wao aliogopwa. Didier, kwa upole, alimwambia shemeji yake Eulalie kwamba angetafuta msemaji nje ya ukoo. Eulalie alirudi nyumbani moyo unachemka. Alijua jambo moja ambalo Didier hakulijua. Daktari alikuwa amempa Télesphore telekomande, rimoti ndogo ya kuweka kifuani juu ya betri, yenye nafasi ya kupandisha na kushusha umeme kidogo, kwa sharti kwamba asiguse bila kuwapigia simu kwanza. Na Télesphore aliwahi kumwambia kwamba siku moja alishusha, maneno yakaja mbio, akaogopa akarudisha.

"Papa Agathe," alisema Eulalie, "hauwezi kupunguza kidogo? Siku ya Chancelle tu."

Télesphore alihesabu kwa vidole. "Siku ine," alisema. "Lundi tunarudisha."

Hawakumpigia Colombe, kwa sababu wote wawili walijua angesemaje.

Na Jumamosi ile, jamani, alisema. Alitaja mababu wa Didier na wa Kabare bila kujikwaa hata mara moja, akachomoa na mmoja ambaye wakwe wenyewe walikuwa wamemsahau. Aliwafanya waombe mara mbili. Katikati alinyamaza, msemaji wa Kabare, akidhani bahati imemwangukia, akainuka kuchukua neno, na Télesphore akamwambia kwa adabu aketi, kwani alikuwa anawapa nafasi wageni wameze mate. Wazee wa pande zote walicheka mpaka wakashikana mabega. Bisimwa, kaka yake Chancelle, alirekodi yote kwa simu. Eulalie, katikati ya wanawake, alikuwa na miaka kumi na tisa tena.

Jumatatu, ile Lundi waliyopatana, Eulalie alimletea telekomande. Télesphore akasema kesho. Watu wa Muhungu walikuwa wamemwalika kusema dote yao Jumamosi inayofuata, asubiri tu ipite. Eulalie angeweza kukataa, na hakukataa, kwa sababu alitaka kumsikia tena. Hilo hatakuja kujisamehe.

Jumamosi ya Muhungu Télesphore hakuamka. Alikuwa ameelekea ukuta. Eulalie aliitafuta telekomande mezani, haipo. Akamuuliza iko wapi, akavuta blanketi. Alipekua nyumba siku mbili, akaikuta imesukumwa hadi mwisho ndani ya kiatu cha dote, na soksi juu yake. Akaelewa kwamba aliificha mwenyewe, akingali na nguvu ya kuficha, ili asirudishwe.

Aliiweka kifuani pa mume wake akapandisha hadi pale pa zamani, kisha akapiga simu Ubelgiji. Colombe alifoka, halafu akalia. Daktari alisema wasiishushe tena kamwe bila yeye, wasimwache peke yake, na huenda ikachukua wiki nyingi, hakuahidi kitu. Wiki tisa Eulalie alioga tena mlango ukiwa wazi.

Wiki ya kumi Télesphore alikula nusu sahani ya fufu. Hakurudi mzima, bado asubuhi alichukua muda mrefu kukaa kitandani akitazama miguu yake, lakini alikuwa amerudi. Na huku nje sifa za dote ya Chancelle zilikuwa zimefika hadi Walungu. Watu walikuja kumtafuta msemaji. Eulalie aliwapokea kwenye lango, akawaambia mzee anaumwa, akafunga.

Ndipo alipokwenda kwa Didier na kumwambia anachotaka. Didier alikataa, kisha akakubali, maana na yeye alikuwa amemwona ndugu yake akielekea ukuta. Bisimwa aliitwa na simu yake. Eulalie aliomba asikilize mara moja. Alikaa jikoni kwa Didier, sauti ikiwa chini, akasikiliza mpaka pale pa kumeza mate, akamrudishia kijana simu na kumsimamia mpaka alipofuta. Nyumba zote za ukoo ziliambiwa vivyo hivyo: video zifutwe, na mbele ya Télesphore sifa za siku ile zisitajwe.

Siku chache baadaye wawili hao walikuwa wakinywa chai.

"Maman Agathe," alisema Télesphore. "Ile siku ya... ya ule mutoto ya Didier."

"Chancelle."

"Ndiyo. Nilisemaka muzuri?" Alizungusha kikombe. "Naona kama nilisemaka muzuri. Kama ni kweli, siku moja naweza kupunguza tena. Kidogo tu."

Telekomande ilikuwa ndani ya kitenge cha Eulalie, imefungwa kwa fundo kiunoni. Aliishika juu ya nguo.

"Hapana, Papa Agathe," alisema. "Ulipotea. Bale ba Kabare balikunyang'anya neno. Ni muzee mungine alimaliza."

Télesphore alifungua kinywa, akatafuta neno, hakulipata. Akainamisha kichwa. Safari hii aliona aibu. Ilimpanda usoni hadi kwenye makovu, na Eulalie, ambaye kutoka Bagira alikuwa ameililia aibu hiyo njia nzima, aliitazama bila kuiondoa. Kisha akavuta kikombe cha mume wake na kumwongezea sukari.