Kicheko cha Mheshimiwa

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini chuo kikuu nimekaa miaka sita. Wenye digrii wanaingia na kutoka, mimi nipo tu.

Kazi yangu ni kucheka. Kwenye karatasi wameandika mhudumu wa ofisi, sawa, chai napeleka. Ila Mheshimiwa alinichukua enzi za kampeni zake za ubunge. Nilikuwa nakaa katikati ya watu, akitoa utani naanza kucheka, uwanja mzima unafuata. Kicheko changu kinaambukiza kama mafua. Alipoangushwa kwenye uchaguzi akapewa ukuu wa chuo, akaja na vitu viwili: kiti chake cha kuzunguka, na mimi.

Mwaka huu ukumbi mmoja wa harusi kule Ilemela ukanitaka niwe MC wao. Wa kudumu! Nianze Jumamosi. Nikamfuata ofisini.

"Shikamoo Mheshimiwa. Naomba kuacha kazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi si njaa inayoongea." Akaangalia ziwa dirishani. "Mwanangu, leo nina kikao na wahadhiri. Usicheke. Wakicheka wenyewe, nenda na baraka zangu."

"Wasipocheka?"

"Watacheka bwana! Kwani wewe ndiye unayenichekeshea watu?"

Kikaoni nikakaa nyuma, nimebana midomo. Akaanza: sangara aliomba kura kwa dagaa, akaahidi kuwapa makazi. Dagaa wakauliza, wapi? Sangara akafungua mdomo.

Enzi za kampeni, pale sokoni Mkuyuni, utani huo uliwahi kumwangusha mama mmoja na beseni lake la nyanya. Hapa, kimya. Mhadhiri mmoja akaandika kitu kwenye daftari. Sijui aliandika nini, sangara?

Moyoni nasema chekeni jamani, hata mmoja tu, niende zangu. Mheshimiwa akarudia, "akafungua mdomo," na wa kwake ukabaki wazi. Mikono imeshika meza. Halafu akanitafuta kwa macho. Hakuniamuru. Mzee wa watu alikuwa ananiomba.

Nikacheka.

Ukumbi mzima ukafuata, hadi yule wa daftari akafuta machozi. Mheshimiwa akanyooka, akaendelea kama mtu aliyepewa maji.

Jumamosi harusi ya Ilemela iliendeshwa na mtu mwingine. Mimi nilikuwa kwenye mahafali, kiti cha nyuma, nasubiri aseme dagaa.