Dawa ya Mbao na Mihogo ya Mama

Mama yangu alishitakiwa kwa mihogo. Nasema hili mapema kwa sababu siku hizi watu wa kijiji chetu wanasimulia jinsi walivyosafisha kile kiwanda cha mbao kana kwamba ilikuwa sikukuu ya umoja. Wanaeleza walivyochimba, walivyobeba, walivyoimba. Wakifika kwenye habari ya mama yangu wanamruka, kama mtu anavyoruka tope njiani, wanaendelea na safari.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mangobo, mjini Kisangani, mwalimu asiyelipwa, kama wenzangu wote. Mume wangu alikuwa amekwama Kinshasa, ng'ambo ya mstari wa vita, na barua hazikupita. Majeshi mawili ya wageni yalipoamua kupigania mji wetu, yakituulia watu wetu katika ugomvi wao, nilimbeba mwanangu mdogo mgongoni, mkubwa nikamshika mkono, nikaingia barabara ya zamani ya Buta kwa miguu. Tulipita Masako, tukaenda mbele zaidi, mpaka kijiji cha marehemu baba. Mama alikuwa bado anaishi pale.

Mama alizaliwa Yahuma. Aliletwa katika kijiji hicho akiwa msichana wa kuolewa, akazaa pale, akazika mume pale, akang'oka meno pale, na bado walimwita mwanamke wa Yahuma. Alikuwa hajali. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia, na alinipokea kwa kunipa jembe kabla sijaketi.

Chini ya kijiji kuna bwawa, mahali kijito kinapopanuka kidogo kabla ya kuingia msituni. Hapo ndipo wanawake wanaloweka mihogo. Mihogo yetu ni ile michungu, ina sumu ndani yake, na haifai kuliwa mpaka ilale ndani ya maji siku tatu, ilainike na kutoa harufu. Kila mwanamke ana mahali pake bwawani, pamezungushiwa vijiti, alipopewa na mama mkwe wake. Tena kuna sheria moja tu: mihogo haitoki kabla ya siku ya tatu. Mwanamke akiitoa mapema watu hawasemi amepika vibaya. Wanasema ametaka kuua.

Juu ya bwawa, kwenye mteremko, kulikuwa na kiwanda. Wageni waliokijenga walikata miti yetu miaka mingi, na vita ilipokaribia walipanda magari yao wakaondoka bila kuaga. Askari wakafuata wakachukua mashine na mabati. Kilichobaki ni nguzo, rundo la maranda lililooza, birika la saruji ambamo mbao zilichovywa dawa ili zisiliwe na wadudu, na mapipa ya hiyo dawa yenyewe, yamechorwa fuvu la kichwa cha mtu. Askari hawakuyagusa, yalikuwa mazito mno.

Msimu huo watoto walianza kuugua. Walikula, wakatapika, wakaona kizunguzungu, wengine wakatetemeka mwili mzima. Kila mtu aliyajua magonjwa hayo, au alidhani anayajua: ni mihogo iliyotolewa mapema. Na haikuwa vigumu kuamini, maana wiki chache kabla tulikimbia msituni kuwahepa askari, na wanawake kadhaa walibeba mihogo yao ya siku moja, ya siku mbili, wasiache chakula kwa wezi. Mama yangu aliiacha. Alisema afadhali askari waile, huenda ikawafaa.

Kisha mjukuu wa baba mdogo akafa. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na yule msichana wa miaka minne alikuwa kipenzi chake, alimpakata hata kwenye mikutano ya wazee. Mchana huo alikula fufu, ugali wa mihogo, nyumbani kwetu pamoja na wanangu. Wanangu walitapika wakapona. Yeye kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha.

Baba mdogo alikuja asubuhi baada ya mazishi. Hakukaa.

“Semeki,” alimwambia mama, ndivyo walivyoitana mashemeji, “ile mihogo ililala ku mayi siku ngapi?”

“Tatu,” mama akajibu. “Sawa siku yote.”

Baba mdogo akageuka, akaondoka. Jioni ile ile wanawake waling'oa vijiti vya mama bwawani. Aliambiwa asiloweke tena pamoja na watu. Akitaka kula, kuna chemchemi ndogo upande wa pili wa kilima, aende huko peke yake na uzembe wake wa Yahuma. Hakuna aliyenipa nafasi ya kusema, na nilivyo na ulimi mrefu, hilo peke yake liliniumiza.

Mama alikwenda kwenye chemchemi. Lakini nyumbani nilimwona akianza kujitilia shaka. Alifunga fundo kwenye uzi kila asubuhi mihogo ikiwa majini, halafu ananiita nihesabu naye, fundo la kwanza, la pili, la tatu, kana kwamba aliyekuwa akiifanya kazi hiyo tangu utoto hajui tena kufika tatu. Wakati mwingine alifika matano ndipo akathubutu kuitoa. Nilitamani kulia, badala yake nikawa namfokea. Ndivyo nilivyo.

Sasa sikiliza walivyofikiri wenye akili wa kijiji chetu. Waliendelea kuugua kule chini, wote waliotumia bwawa. Sisi tuliofukuzwa hatukuumwa hata kichwa. Mtu yeyote angejiuliza swali kuhusu bwawa. Wao wakajiuliza kuhusu mama yangu: mbona nyumba yake haiguswi? Neno likabadilika. Mwanzo alikuwa mzembe, sasa akawa ndoki, mchawi anayekula watoto wa wenzake na kuwaacha wa kwake. Wanawake waliacha kuitikia salamu yake. Wazee walikaa, wakaafikiana kwamba mvua kubwa zikianza na ugonjwa ungalipo, arudi kwao Yahuma.

Kwenda Yahuma wakati ule kulikuwa na maana moja. Ni safari ya siku nyingi, kuvuka mito na vizuizi vya askari wa kila rangi, kwa mwanamke mzee asiye na cha kuwapa. Walijua wanachosema. Ilikuwa njia ya kumuua bila kushika panga.

Siku moja baada ya mvua nilishuka bwawani wanawake wakiwa mashambani. Nilitaka kuchukua jiwe la mama la kugandamizia mihogo, walilomnyima. Nikaona mfereji unaotoka juu umejaa, unaingia moja kwa moja mahali pa kulowekea, na juu ya maji kuna utando unaong'aa rangi rangi. Pembeni kaa walikuwa wamelala chali. Bwawa lile hunuka siku zote, mihogo ikioza hainukii marashi, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Nilichota kiganjani nikanusa vizuri. Chini ya harufu ya mihogo kulikuwa na nyingine, kali, inayochoma pua.

Nilipanda nikiufuata mfereji. Nyuma ya kiwanda ardhi ilikuwa nyeusi, nyasi zimekufa eneo lenye ukubwa wa uwanja wa shule, na mapipa hayapo. Vizibo vyake vilikuwa chini, vimefunguliwa vizuri, kimoja kimoja. Nilivitazama tena. Askari hafungui pipa kwa upole. Askari angelipiga risasi. Aliyefungua alitaka pipa libaki zima.

Na nani asiyetaka pipa zima miaka ile? Malori yalikwisha, boti zilikwisha, kilichobaki kuuzwa kilikuwa mafuta ya mawese, yanayosukumwa kwa baiskeli mpaka Kisangani. Bila pipa huchemshi ngazi, zile chikichi za mawese, huweki mafuta. Wanaume wetu walikuwa wameimwaga dawa pale pale, wakayachoma mapipa moto ndani, wakayasugua kwa majivu, na kuyasuuza bwawani. Nilikumbuka mafuta tuliyonunua Mangobo mwaka ule. Mungu anajua tulikula nini.

Sikwenda kwa wazee. Nilikwenda kwa mwuguzi wa zahanati, mwendo wa nusu siku, mtu wa Maniema, mpole, ambaye dawa zilimwishia zamani akabaki anatibu watu kwa mashauri. Alikuja, akanusa, akaokota kizibo kimoja akakitazama. Kisha akawaita wazee na kuwaeleza kwa Kiswahili chepesi kabisa: hii ni sumu ya kuua wadudu, imo ndani ya maji, imo ndani ya mihogo iliyolala humo, na kama hawataki kuzika wengine waiondoe leo.

Baba mdogo alinyanyuka. Halafu akatangaza salongo, kazi ya wote bila malipo, kama tulivyozoea tangu zamani za kufagia barabara. Hakusema iliyomwagwa ilimwagwa na nani. Alisema wageni wametuachia uchafu. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ukweli nusu ni blanketi zuri.

Tulifanya kazi siku kumi na mbili. Wanaume walichimba udongo mweusi kwa majembe, sisi wanawake tukaubeba kwa vikapu mgongoni hadi kwenye shimo kubwa ambamo wenye kiwanda walichimba changarawe. Mwuguzi alituambia tufunge nguo puani na tusitembee peku. Nguo tulifunga. Viatu, nani alikuwa navyo? Ngozi ya migongo yetu ilitoka malengelenge mahali kikapu kilipogusa. Tulikata njia mpya ya mfereji, tukakausha bwawa, tukazoa tope lake. Mama naye alibeba, kikapu kwa kikapu, mwisho wa msafara, kwa sababu hakuna aliyetaka kutembea mbele wala nyuma yake isipokuwa mimi.

Siku ya mwisho mwuguzi alisema mapipa nayo yaingie shimoni. Yote. Hapo watu wakatawanyika majumbani. Halafu milango ya nyuma ikaanza kufunguka, na mapipa yakaja yakivingirishwa, moja kutoka nyumba hii, moja kutoka ile, fuvu bado linaonekana chini ya masizi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama alisimama kando ya njia akiyatazama yakipita. Matatu yalitoka nyumbani kwa baba mdogo, na la mwisho alilivingirisha mwenyewe.

Mama akamzuia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akimzuia mwanaume njiani.

“Semeki, sema tu mbele ya hawa banamuke,” alisema. “Haikukuwa mihogo yangu. Sema ile tu.”

Baba mdogo alisimama, mkono juu ya pipa. Wanawake wote walikuwa pale, vikapu mgongoni. Alisema bila kumtazama:

“Tusirudilie mambo ya zamani. Mayi itakuwa safi. Kila mutu atarudia fasi yake.”

Nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia, tonton, baba mdogo wangu, ni wewe ulimwanga ile dawa. Nilitaka kuendelea, nilikuwa nimeyapanga maneno siku kumi na mbili. Mama alinishika mkono, akanibana mpaka nikaumia.

“Nyamaza,” alisema. “Ule mutoto alikuwa wake.”

Nikanyamaza. Baba mdogo akasukuma pipa lake, likaingia shimoni. Nimemlaumu mama kwa huruma ile kuliko nilivyomlaumu baba mdogo kwa sumu. Yeye alimwonea huruma mtu aliyemuua mjukuu wake mwenyewe bila kujua. Mtu huyo alipojua, hakuwa na huruma ya kumrudishia hata sentensi moja.

Ugonjwa ulikoma. Habari ya Yahuma haikutajwa tena, na uchawi nao haukutajwa, wala haukukanushwa. Bwawa lilipofunguliwa, mahali pa mama palikuwa na vijiti vya mwanamke mwingine. Aliendelea kupanda kilima kwenda kwenye chemchemi yake. Vita ilipotulia nikarudi Mangobo, nikamsihi tuondoke wote, akakataa. Alisema akiondoka watasema amekimbia.

Alikufa miaka michache baadaye, homa tu, kitandani kwake. Nilifanya matanga kama inavyopasa. Nilipika sombe, yaani kisamvu, na samaki, na fufu ya mihogo aliyokuwa ameiloweka na kuikausha mwenyewe, gunia zima. Wanawake wa kijiji walikuja wote. Walilia vizuri, wanajua kulia. Na chakula kilipotoka, kila mmoja alifungua kitambaa chake akatoa kwanga, mkate wa mihogo uliofungwa majani, aliyokuja nayo kutoka kwake. Wale wale waliobeba udongo ule kwa migongo yao. Sufuria za fufu zilikaa katikati, zinapoa.

Baba mdogo alikuwa mzee sana, anaongozwa kwa mkono. Alisema apewe fufu. Nilimwekea. Alikula mbele ya wote, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikawa nyeupe, na wanawake wakaacha kutafuna wakimtazama. Baadaye watu waliniambia hapo ndipo alipomwomba mama msamaha, na kwamba nina moyo mgumu nisipoliona hilo. Niliona. Nilimwongezea sahani ya pili, nikasimama mbele yake nikimngoja aseme. Na ile pia aliila, akanawa mikono.