Ndoo Iliyomnyang'anya Mama Jembe

Mama alipokuja Nairobi kutibiwa nyonga, alishuka kwenye basi polepole na mkongojo wake, na nyuma yake makanga akashusha gunia huku akilalamika. Mimi nilifurahi. Nilidhani ni viazi vitamu, na pengine kuku mmoja aliyekaushwa amefichwa katikati. Nililipandisha gunia lile hadi ghorofa ya tatu katika mtaa wa Satellite ninakoishi peke yangu, nikalifungua jikoni nikimeza mate. Lilikuwa limejaa udongo.

"Udongo wa huku kwenu umekufa," Mama alinieleza, kana kwamba mimi ndiye niliyeuua. "Hata haunuki kitu."

Daktari alikuwa amesema mambo mawili: Mama akae mjini mpaka kliniki ziishe, na asianguke tena, maana mfupa ule hautavumilia mara ya pili. Mama alimsikiliza kwa adabu, kisha akanitajia sharti lake yeye. Atakaa, lakini mboga za kununua hali. Mwanamke mzima hawezi kulishwa mboga ya saga iliyochumwa na mtu asiyemjua. Kwa hiyo fundi wa Kangemi akaniundia sanduku refu la mbao, nikalitandika karatasi ya nailoni, na kochi langu zuri likahamia chumbani ili sanduku likae chini ya dirisha la sebuleni. Udongo wa nyumbani ukaingia pamoja na minyoo yake, ambayo ilikuwa imesafiri kutoka kwetu Magharibi mwa Kenya bila kulipa nauli. Baada ya muda nilikuwa na shamba mahali nilipozoea kuwekea miguu nikitazama taarifa ya habari.

Udongo wa aina hiyo haupigwi jembe wala hautupwi baada ya kuvuna. Unafunikwa nyasi kavu, unalishwa maganda ya ndizi, na minyoo ndiyo inayolima. Ila ni udongo wa kudeka. Ukikauka minyoo inakufa, ukilowa chepechepe inakufa vilevile. Unataka maji kidogo, tena mara kwa mara, na katika jengo letu bomba hutoa maji linapojisikia. Maji yetu hukaa kwenye mitungi bafuni. Basi kila siku Mama alikuwa akitoka bafuni hadi sebuleni na mkebe wa mafuta ya kupikia alioutoboa kwa msumari, mkebe ukinyunyizia vigae njia nzima, naye akija nyuma yake na mkongojo juu ya vigae hivyo hivyo.

Nilikuwa nafanya kazi ofisini katikati ya jiji, na kila simu ilipolia moyo ulinipasuka. Nilimwona Mama chini, mguu umepinda, mkebe umeviringika chini ya meza. Nilimwambia aniachie kazi hiyo niifanye nikirudi. Akasema mmea hausubiri foleni ya Barabara ya Ngong.

Nikaamua kutafuta njia rahisi. Ofisini kwetu hakuna mtu mwenye hata kitunguu alichopanda, lakini wote walikuwa na ushauri. Nilianza na chupa za soda, nikazijaza maji na kuzichomeka kichwa chini udongoni. Udongo ulizifyonza zote kwa pupa, maji yakapata tundu kwenye nailoni yakapenya hadi dari ya chini, na mama mwenye nyumba, anayekaa chini yetu na aliyezaliwa papo hapo enzi za mashamba ya kahawa, akapanda ngazi na leso mabegani.

"Hii maji inatoka kwa nyumba yako ama inatoka mbinguni?" aliuliza. Kisha akaona sebule. Aliinama, akashika jani la managu kwa vidole viwili. "Haki hii imekubali vizuri," alimwambia Mama, nami nikasahauliwa mlangoni. Aliondoka na fungu la mboga na hakuitaja dari tena.

Baada ya chupa nikajaribu vitambaa: nilichana fulana ya zamani, ncha moja ndani ya ndoo na nyingine udongoni, maji yatambae yenyewe. Yalitambaa kwa mwendo wa mtumishi wa umma, na kunde zikaanza kunyauka. Mwishowe nikaleta mtambo wa matone: ndoo juu ya kabati, koki ndogo, na mipira myembamba yenye matundu niliyoilaza chini ya nyasi. Unafungua kidogo asubuhi, tone kwa tone mchana kutwa. Ulifanya kazi. Udongo ulikuwa na unyevu sawasawa kila mahali, saga ikanenepa, na vigae vikakauka kabisa. Ofisini niliutembeza kwenye simu kama picha ya mtoto aliyefaulu mtihani.

Mama sasa aliketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, akitazama wahubiri wa televisheni ambao zamani alikuwa akiwacheka. Mkebe wake aliuosha akauning'iniza ukutani jikoni. Nilijiambia kwamba hatimaye anapumzika.

Jumamosi moja nilimkuta anakunja nguo zake.

"Kliniki je, Mama?"

"Hata kwetu kuna madaktari."

"Nimekukosea nini? Si kila kitu unafanyiwa?"

"Ndiyo hiyo," alisema. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe ulinipa vizuri, mwanangu. Halafu ukaninyang'anya, ukaipatia ndoo. Sasa mimi ni mgeni, na mgeni huenda kwao."

Nilikasirika, sitaficha. Nilihangaika kote huko ili asivunjike, naye ananiona mwizi wa jembe! Niliogopa pia. Kwetu madaktari wapo, lakini wako mbali na barabara, na barabara wakati wa mvua nawe unaijua. Nikamsihi angalau asubiri mwisho wa mwezi, akakubali kwa shingo upande.

Jumapili alipokuwa kanisani nilichukua kibanio cha nguo, nikaukunja mpira mkuu chini ya nyasi na kuubana. Halafu nikatandaza zulia la mpira mbele ya sanduku, nikaweka stuli, na pembeni yake mtungi wenye koki; aliporudi nikamwambia nilikuwa nafanya usafi.

Siku chache baadaye simu ililia ofisini. Moyo ukanipasuka kama kawaida.

"Mtambo wako umekufa!" Mama alipaza sauti. Sikuwa nimemsikia na furaha kama hiyo tangu ashuke kwenye basi. "Managu imelala chini yote! Sijui ofisini huwa mnafundishana nini!"

Nilipofika nyumbani mkebe ulikuwa umeshuka ukutani. Mama ameketi kwenye stuli, miguu juu ya zulia, anakinga maji mtungini bila hata kuinuka, anayanyunyiza huku akinisengenya kwa mama mwenye nyumba aliyekuwa ameketi kwenye kochi langu, lililovutwa kutoka chumbani likaishia mlangoni. Mwisho wa mwezi ulifika ukapita. Nguo zilirudi kabatini, na basi la kurudi kwao hakuna aliyelitaja.

Kliniki ya mwisho ilipokwisha, daktari akamruhusu kwenda. Tulikuwa tunaanika nguo, nikasema vibanio vimepungua.

"Kimoja kiko chini ya nyasi," Mama alisema bila kugeuka.

Nilishikilia shuka mkononi. "Ulikiona lini?"

"Siku ile ile managu ilipolala. Nilifunua nikakikuta." Akatwaa kibanio kingine mdomoni, akabana kona yake ya shuka. "Nikakirudisha vizuri, kilikuwa kimelegea."