Bata wa Fundi wa Kufuli

Baba mkwe wangu ni fundi wa kufuli, na kazi hiyo imemharibu. Mtu aliyetumia maisha yake kuwafungulia milango watu waliopoteza funguo hawezi tena kuamini kwamba funguo hupotea. Kwake yeye, kila ufunguo uliopotea upo mfukoni mwa mtu. Mtaani wanamwita Mzee Funguo. Jina analipenda, ingawa alishanieleza kwamba aliyelianzisha alikuwa na lake jambo.

Nilipoolewa na mwanawe wa pekee, dereva wa lori anayeijua barabara kuliko kitanda chake, nilikuta nyumba ambayo kabati la vyombo lina kufuli na pipa la pumba za bata lina mnyororo. Mashine ya kuchonga funguo iko kwenye baraza ya nyuma, pamoja na jiriwa la kubania vyuma na tupa zake. Hapo ndipo mzee anaposhinda, jicho moja kwenye kazi na jingine kwangu. Sisemi kwa ubaya. Hata mkewe, sasa marehemu, mzee alikuwa akimpimia sukari ya chai. Mama mkwe alipofariki aliacha bata wake uani, na mzee, ambaye mazikoni hakutoa chozi, alirudi nyumbani moja kwa moja akaenda kuwahesabu.

Kati ya bata hao alimpenda mmoja, jike mweupe aliyezoea kumfuata marehemu mpaka jikoni. Huyo ndiye aliyeugua.

Nilimkuta asubuhi amelalia kifua kando ya dimbwi lao, mabawa yamelegea, miguu haina habari naye. Kinyesi chake kilikuwa kijani kibichi. Nikamwita mzee. Alikuja, akamtazama bata, akanitazama mimi, akarudi kumtazama bata.

"Jana nani aliwapa chakula?"

"Mimi, Baba. Kama siku zote."

"Ndiyo maana nauliza."

Nilimhamishia bata barazani, nikamtandikia gunia. Maji nilimnywesha kwa kijiko, pumba nikazilowesha mpaka zikawa uji. Kila nilipoleta bakuli, mzee alizima mashine na kuninyooshea kidole. "Onja kwanza." Nikaonja. Mtu mzima, mke wa mtu, nakula uji wa pumba mbele ya baba mkwe huku bata ananikodolea macho. Bata mwenyewe aliukataa, na hilo nalo likahesabiwa kuwa ushahidi.

Sikuwa peke yangu. Alimshuku jirani muuza mkaa kwa sababu alikohoa karibu na ua. Alimshuku muuza pumba kwa sababu aliulizia hali ya bata kabla hajaambiwa kuwa anaumwa, ingawa mtaa mzima ulishajua. Ila wao aliwashuku asubuhi, jioni akawaachia. Mimi ndiye niliyebaki rumande.

Kisha nikamsikia anaongea na mwanawe kwa simu, kwa ile sauti ya chini ya mtu asiyejua kunong'ona. "Nyumba hii mlishaji ni mmoja tu," alisema. "Mimi sisemi kitu. Fikiria mwenyewe."

Haikupita muda, simu yangu ikaita. Mume wangu hata salamu aliikata nusu.

"Yule bata wa mama, ulimpa nini?"

"Pumba."

Nilisikia lori linanguruma kwa mbali. "Pumba tu?"

Kushukiwa na mzee nilikuwa nimekuzoea kama joto la jikoni. Swali la mume wangu liliniingia mahali pengine kabisa. Nilijikaza nikamjibu kwamba ni pumba tu. Bata yule akifa, nitakuwa nimemuulia marehemu bata wake, mbele ya baba na mbele ya mwana, na nitaishije tena katika nyumba hiyo? Nikamrudia mgonjwa wangu. Nikamsafisha mkia kwa maji ya vuguvugu, nikamgeuza upande. Nilimsihi apone kama mtu anayemsihi shahidi aje mahakamani.

Bwana mifugo alikuja, akampapasa shingo na kifua, akachungulia kinyesi. "Hii inafanana na sumu," alisema. "Kuna kitu anakila kidogo kidogo." Alituachia dawa ya kuchanganya na maji, akaenda zake. Neno sumu likabaki. Mzee alilitafuna kutwa nzima, na kila alipolitafuna alinitazama.

Kabla jike hajapata nafuu, tukamkuta dume mmoja amekufa. Mzee akaenda kuchukua jembe. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Usimzike, Baba. Mpasue."

"Nimpasue kwa nini?"

"Tuone alichokula. Pasua mwenyewe, kwa kisu chako. Mimi nitakaa kule ukutani, mikono yangu uione."

Alinitazama, akiutafuta ujanja ulipo. Hakuuona. Akainama, akapasua, akaitoa firigisi, nayo akaipasua. Ndani mlikuwa na mchanga na majani, na katikati ya mchanga kulikuwa na vipande vya njano vinavyometameta. Aliviosha kiganjani. Akavaa miwani. Mtu mwingine angesema ni vyuma tu, lakini yeye alikishika kimoja kwa ncha za vidole, akakielekeza kwenye mwanga, akaona jino la ufunguo.

"Hii ni kazi yangu," alisema.

Nililijua jibu kabla hajalisema, kwani mchezo wenyewe niliuona kila wiki. Mzee hatupi funguo zilizoharibika kwenye jalala la mtaa, wala chenga za chuma zinazomwagwa na mashine. Anaamini kuna mtu anayeziokota, akazichonga upya kwa tupa na kuingia nazo nyumba za wateja. Kwa hiyo huzikata vipande vipande, akavifukia pamoja na chenga kwenye tope la dimbwi, mahali ambapo hakuna mwizi angependa kuchimba. Mwizi hakuchimba. Bata kazi yao ni hiyo, kutwa mdomo topeni.

"Basi kuna mtu amefukua," mzee akaanza, kisha akajisikia mwenyewe. Alikaa chini, hapohapo kando ya dume aliyepasuliwa, na miwani hakuivua. "Bata wa mke wangu," alisema. "Kwa mkono wangu."

Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Nilichukua jembe, nikaanza kuchimba lile tope, naye baada ya kitambo akaja na ndoo. Bata wazima tuliwahamishia kwenye sakafu ya saruji. Bwana mifugo alipoonyeshwa vile vipande alitikisa kichwa, akasema madini hayo yakikaa tumboni huwa sumu, akarudi na sindano, na safari hii alijua anatibu nini.

Jike alianza kwa kuinua shingo. Baadaye akala uji, ambao sikuombwa tena kuuonja. Miguu ndiyo ilichelewa. Mzee akawa anamkanda mwenyewe, vidole vyake vyeusi kwa grisi juu ya magamba yale, taratibu. Siku bata aliposimama akayumba na kusimama tena, mzee aliomba simu yangu, si yake, akampigia mwanawe mbele yangu.

"Nilimsingizia mkeo. Sumu ni takataka zangu mimi. Ongea naye."

Nikapokea. Mume wangu alikuwa anacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. "Umeona sasa? Mimi nilijua tu kwamba si wewe."

Nikamwambia sawa. Nikamtakia safari njema, nikakata.

Mzee alikuwa amesharudi kwenye miguu ya bata. "Anasemaje?"

"Anasema alijua tu kwamba si mimi."

"Mwongo," alisema baba yake, bila kuinua uso.

Sikumbishia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka kuyaficha. Nilikaa upande wa pili wa gunia, nikaushika mguu mwingine, nikaanza kukanda.