Gunia la Mikoko Nililolikata kwa Panga

Bado nina hasira, na mtu wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Niliacha shule darasa la nne, lakini hakuna mtu huku bara, Runyenjes, ana nasari ya kuuza miche ya miti kubwa kama yangu. Kwa hivyo akina mama wa kikundi kutoka pwani walipokuja kujifunza kwangu, nilijiona profesa.

Walibeba gunia la mbegu za mikoko, ile miti inayomea kwenye maji ya chumvi. Mbegu zenyewe ni ndefu kama vijiti. Mwenyekiti wao, Mama Mwanaidi, aliniambia waliziokota majuma mengi, kwa sababu mikoko imebaki michache na kaa na samaki wamehama. Kisha wakaenda kunywa chai kwa mke wangu.

Nikachukua panga. Huku kwetu nyasi ya nepia ya kulisha ng'ombe unaikata vipande, unapanda, na kila kipande kinamea. Nikamaliza gunia zima, kila kijiti vipande vitatu. Nikawaita kwa sauti, hata wateja wakasogea.

"Njooni muone! Gunia moja nimewafanyia matatu!"

Mama Mwanaidi akashika mdomo. "Baba, kila kijiti kilikuwa mti mzima. Juu kichwa, chini mzizi. Nani alikutuma?"

"Hii kazi nimefanya miaka ishirini!" nikafoka.

"Basi nitafutie kimoja tu kilichobaki kizima."

Nikapiga magoti mbele ya wateja wangu, nikapekua lile lundo mpaka chini. Hakikuwepo hata kimoja.